Jua Lisilofika Ngozini

Mwezi Aprili mwaka 1888, mjini Glasgow, Scotland, mwanamke aliyeitwa Catherine Colquhoun alikuwa amelazwa katika hospitali ya wazazi, na mimba yake imefika wakati wake. Alikuwa mfupi mno na mifupa yake ilikuwa imeharibika tangu utotoni. Daktari Murdoch Cameron alipompima nyonga, aliona njia ya mtoto imebana kiasi kwamba mtoto aliye hai asingeweza kupita. Siku hizo kumpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto kulikuwa karibu sawa na kumchimbia kaburi, na madaktari wengi hawakuthubutu. Cameron alithubutu. Mama alipona, mtoto wa kiume akalia, naye akaitwa Caesar Cameron: jina la kwanza linatokana na operesheni yenyewe, la pili ni la daktari.

Kilichoibana nyonga ya Catherine kilianza miaka mingi kabla ya siku hiyo. Glasgow ulikuwa mji wa viwanda, na moshi wa makaa ya mawe ulitanda juu ya mapaa. Nyumba za wafanyakazi zilisongamana zikiwa na vichochoro ambavyo hata mchana wa kiangazi vilikuwa na giza. Mifupa ya watoto waliokulia humo ilirefuka bila kukomaa. Mtoto aliposimama, uzito wake uliipinda miguu na kuikandamiza nyonga. Ugonjwa huo unaitwa rikets, na katika Kiswahili watu huutaja kwa dalili yake inayoonekana kwa macho: matege. Wajerumani waliuita ugonjwa wa Kiingereza, kwa jinsi ulivyojaa katika miji ya Uingereza ya wakati huo.

Msomaji wa Tanga, Kisumu au Bujumbura anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Kwao jua halina msimu wa likizo. Watu hulikimbia, hulitafutia mwembe wa kukaa chini yake, na wafanyabiashara huliinulia miamvuli sokoni. Lakini jua kuwepo angani ni jambo moja, na jua kufika kwenye ngozi ya mtoto ni jambo jingine. Katika miji ya Afrika Mashariki ya leo mambo hayo mawili yanazidi kuachana.

Aliyeanza kuliona jambo hili kwa upana alikuwa daktari mmisionari, Theobald Palm, aliyefanya kazi Japani katika miaka ya 1870 na 1880. Aliporudi Uingereza alishtushwa na idadi ya watoto wenye matege, kwani Japani alikuwa hawaoni. Akawaandikia madaktari wenzake waliokuwa nchi nyingine za mbali, akiuliza swali moja: je, huko mliko ugonjwa huu upo? Majibu yalipokuja aliyaweka pamoja kama ramani, na ramani ikasema wazi. Palipokuwa na umaskini na chakula duni lakini jua linawaka, watoto walisimama wima. Palipokuwa na viwanda, moshi na vichochoro, miguu ilipinda. Mwaka 1890 alichapisha hoja yake kwamba kinachokosekana ni mwanga wa jua. Wakubwa wa taaluma hawakuitilia maanani, na watoto wakaendelea kupinda kwa karibu miaka thelathini mingine. Inauma kufikiria hivyo, kwa sababu dawa aliyoipendekeza ilikuwa ya bure.

Uthibitisho ulipatikana Berlin, majira ya baridi ya 1918 kuingia 1919, mji ukiwa na njaa baada ya vita. Daktari Kurt Huldschinsky alichukua watoto wanne wenye rikets na kuwaweka chini ya taa ya zebaki inayotoa mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga ambayo jicho halioni. Wiki chache baadaye alitazama picha za eksrei. Kwenye ncha za mifupa, ambako hapo awali palikuwa na ukungu kama pamba iliyochambuliwa, sasa palionekana mstari mweupe: kalsiamu mpya inajijenga. Akaenda hatua moja mbele, akammulika mtoto mkono mmoja tu. Eksrei ikaonyesha mkono wa pili, ambao haukuguswa na taa, nao unapona vilevile. Maana yake ni kwamba mwanga hauponyi mfupa palepale unapopiga. Hutengeneza kitu ndani ya ngozi, kitu hicho huingia kwenye damu, na damu hukipeleka mwili mzima.

Wakati huohuo, London, Edward Mellanby alikuwa akifuga watoto wa mbwa ndani ya jengo, akiwalisha uji wa oti mpaka wakapata rikets, kisha akiwaponya kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka 1922, nchini Marekani, Elmer McCollum na wenzake walipuliza hewa katika mafuta hayo yakiwa moto mpaka vitamini A iliyomo ikaharibika. Mafuta yakabaki na nguvu ya kuponya mifupa, hivyo ikajulikana kuwa mna vitamini nyingine. A, B na C zilikuwa zimeshachukuliwa, nayo ikaitwa D. Mwaka 1928 Adolf Windaus wa Ujerumani akapata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti wa jamii ya mafuta ambamo vitamini hiyo huzaliwa.

Mafuta ya ini la samaki si kitu kigeni pwani. Mafundi wa majahazi wanayajua kwa jina la sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali yanayopakwa mbao ili maji ya chumvi yasizile. Wavuvi wa Ulaya ya kaskazini waliwanywesha watoto mafuta ya aina hiyo, kutoka kwa samaki wao wa maji ya baridi, muda mrefu kabla ya daktari yeyote kujua yana nini.

Jina la vitamini kwa kweli linapotosha kidogo. Vitamini ni kitu ambacho mwili hauwezi kukitengeneza na lazima ukile. Hii mwili unaitengeneza wenyewe ukipewa mwanga. Katika ngozi mna aina ya mafuta yenye undugu na kolesteroli. Mwale wa urujuanimno wa aina ya B ukiyagonga, hufungua mojawapo ya pete zinazoyaunda, na joto la mwili humalizia kazi kwa saa kadhaa. Zao hilo husafiri hadi kwenye ini, likafanyiwa badiliko la kwanza, kisha hadi kwenye figo, likafanyiwa la pili, na hapo ndipo huwa homoni kamili iliyo tayari kufanya kazi. Kazi yake kubwa iko kwenye utumbo: kuuamuru uvute kalsiamu kutoka kwenye chakula. Bila amri hiyo utumbo huchukua sehemu kumi hadi kumi na tano tu kwa mia ya kalsiamu iliyoliwa. Amri ikiwepo huchukua thelathini hadi arobaini. Tofauti hiyo haiwezi kufidiwa kwa glasi moja zaidi ya maziwa.

Kalsiamu ikipungua kwenye damu mwili hausubiri. Moyo, misuli na neva vinaihitaji kila dakika, kwa hiyo mwili huikopa kwenye mifupa, kama familia inayouza mabati ya nyumba ili kununua unga. Kwa mtu mzima mifupa hulainika na kuuma: mgongo, nyonga, mapaja. Uchovu wa misuli huwa mkubwa hata kuinuka kwenye kigoda kukawa kazi. Kwa mtoto dalili ni nyingi zaidi ya matege. Utosi huchelewa kufunga, meno huchelewa kuota, vifundo vya mikono hunenepa, na mbavu huota vinundu vilivyojipanga kama shanga. Kifua kikidhoofika, nimonia humkamata mtoto mara kwa mara. Na kalsiamu ikishuka ghafla, mtoto huanguka degedege. Wazazi wengi wakisikia degedege hufikiria malaria, wengine hufikiria mambo ya mizimu. Ni nadra kusikia mtu akitaja kalsiamu, na hilo ni jambo ambalo kila anayelea mtoto anastahili kuambiwa.

Je, kiasi gani cha vitamini D kinamtosha binadamu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, wakiwa na Martine Luxwolda, walikwenda kuuliza swali hilo Tanzania. Walipima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25, watu ambao bado waliishi kwa mifugo, au kwa uwindaji, mizizi na asali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wastani wa nanomoli 115 kwa lita moja ya damu. Nchi nyingi huhesabu nanomoli 50 kuwa zinatosha, na chini ya 30 kuwa ni upungufu wa hatari.

La kuzingatia zaidi ya tarakimu ni jinsi watu hao walivyoishi na jua. Hawakujianika. Jua lilipokuwa kali walikaa kivulini kila walipoweza, kama mtu yeyote mwenye busara anavyofanya. Ila maisha yao yalikuwa nje, asubuhi hadi jioni, mikono na miguu wazi, wakitoka kivuli hiki kwenda kile. Jua liliwafikia kidogo kidogo mara mia kwa siku bila mtu kulipangia saa. Na ngozi yao ni nyeusi. Melanini, rangi ya ngozi nyeusi, ni mwavuli uliojengwa ndani ya mwili: hupunguza miale inayopenya, na kwa hiyo ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile. Kwa mtu anayeishi nje hilo si tatizo hata kidogo. Tatizo huanza ngozi hiyohiyo inapohamia ndani ya nyumba.

Nairobi inaonyesha jinsi uhamaji huo unavyokuwa. Utafiti uliofanywa katika mtaa mmoja wa mabanda wa mji huo ulikuta watoto wenye rikets, ukathibitisha kuwa chanzo ni upungufu wa vitamini D, na ukaona kuwa unakwenda pamoja na utapiamlo. Mji huo uko karibu na ikweta. Inawezekanaje?

Inatosha kuingia kwenye ploti moja ili kuelewa. Vyumba vya mabati vimetazamana, mlango kwa mlango, na kati yake pana njia ambayo watu wawili hupishana kwa ubavu. Juu, kamba za nguo zimejaa na mabati ya pande mbili yanakaribia kugusana, hivyo anga huonekana kama utepe. Mahali pengine ni ghorofa za mawe za sakafu sita au saba, ngazi zake zina giza saa sita mchana na taa ya korido huwaka kutwa. Mama anatoka alfajiri kutafuta kibarua. Mtoto anabaki kwa jirani anayelea watoto kumi katika chumba kimoja, amevalishwa sweta, kofia na soksi kwa sababu Nairobi ina baridi, na mlango umefungwa ili asikimbilie barabarani. Jioni mama anamchukua, anamfunika shali na kurudi naye nyumbani. Wiki inapita, mwezi unapita. Mtoto huyo amezaliwa chini ya jua la ikweta, naye analijua kwa kuliona likipita juu ya mabati. Kwa namna hiyo Glasgow ya Catherine Colquhoun imehamia kwenye nyuzi ya kwanza ya latitudo.

Hali inayofanana nayo ipo Ghuba, ambako familia nyingi zina ndugu Unguja na Mombasa. Muscat ni kati ya miji yenye jua kali kabisa duniani. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopima wanawake wenye afya njema waliokuwa wakifanya kazi hospitalini mjini humo, ulikuta wote wako chini ya nanomoli 50. Joto huwafungia watu ndani, penye kiyoyozi. Gari lina vioo, ofisi ina vioo, na kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu miale yote ya aina ya B. Mtu anayekaa dirishani akiota jua kupitia kioo anapata joto, vitamini hapati.

Wengine hukimbilia kulaumu mavazi ya stara. Hukumu hiyo haitazami nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na ua. Humo wanawake walitwanga, walisuka ukili, walifua, walianika mpunga na kusukana nywele, vichwa wazi na mikono wazi, macho ya wapita njia yakizuiwa na ukuta. Stara ilikuwepo na jua lilikuwepo, hakuna lililomfukuza mwenzake. Leo familia hiyohiyo imehamia fleti ya ghorofa ya nne. Ua hakuna, baraza hakuna, na roshani inatazamana na roshani ya jirani kwa umbali wa hatua tano. Buibui halijabadilika; ua ndio uliotoweka, na wanaochora ramani za nyumba mpya za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wangefanya jambo kubwa kwa afya ya wanawake na watoto wakiurudisha, hata kama ni juu ya paa.

Kuna desturi moja ya malezi inayohitaji kuzungumzwa kwa upole, kwa sababu imejaa upendo. Mama mzazi huambiwa amwoteshe mtoto jua la asubuhi. Basi saa moja, umande haujakauka, mtoto hutolewa nje, hufunuliwa na kugeuzwa huku na huku. Nia ni nzuri kabisa. Shida ni ya kimaumbile: saa moja asubuhi jua liko chini upeoni, miale yake hupita hewani kimshazari kwa safari ndefu, na ile ya aina ya B hunyonywa karibu yote njiani. Kinachofika ni mwanga mzuri na vuguvugu, lakini vitamini huwa kidogo mno.

Kipimo rahisi ni kivuli. Kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko yeye mwenyewe, ngozi inatengeneza vitamini kidogo sana. Kikiwa kifupi kuliko yeye, kazi inaendelea. Dar es Salaam hali hiyo hufika karibu saa tatu na nusu asubuhi, mapema au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi. Dakika chache wakati huo, miguu na mikono ikiwa wazi, uso na macho ya mtoto yakiwa kwenye kivuli cha mama, zina faida kuliko saa nzima ya alfajiri. Ngozi ya mtoto mchanga ni laini na huungua haraka, kwa hiyo ikianza kupata moto ni wakati wa kurudi ndani. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Ndiyo maana wataalamu wa mifupa ya watoto kutoka nchi mbalimbali walikubaliana mwaka 2016 kwamba kila mtoto, katika mwaka wake wa kwanza, apewe matone yenye yuniti 400 kwa siku. Palipo na matone na uwezo wa kuyanunua, hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Manjano ya watoto wachanga ni habari nyingine ambayo huchanganywa na hii. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aligundua kuwa watoto wenye manjano aliokuwa akiwatoa bustanini walipauka zile sehemu za mwili zilizopigwa na jua, na kutokana na jicho lake hilo zikazaliwa taa za bluu zinazotumika hospitalini mpaka leo. Kinachosaidia hapo ni mwanga wa bluu, si urujuanimno. Mtoto ambaye manjano yake yanaongezeka hafai kuachwa nyumbani akisubiri jua. Manjano yakizidi huharibu ubongo, na mahali pake ni hospitali, siku hiyohiyo.

Chakula kinasaidia kwa kiasi. Samaki wenye mafuta kama vibua, kiini cha yai na maini vina vitamini D, na majarini nyingi huongezewa kiwandani. Uyoga una mafuta ya aina yake ambayo jua huyageuza kuwa vitamini D, kwa hiyo uyoga uliokatwa na kuanikwa juani mchana ni bora kuliko ule uliokaushwa jikoni. Lakini ni watu wachache wanaoweza kujitosheleza kwa sahani peke yake.

Halafu kuna kalsiamu, na hapa funzo lilitoka Nigeria. Mjini Jos daktari Tom Thacher na wenzake waliwaona watoto wengi wenye rikets ambao walikuwa wakicheza juani kila siku. Mwaka 1999 walichapisha matokeo ya jaribio lao: baadhi ya watoto walipewa kalsiamu, baadhi vitamini D, baadhi vyote viwili. Waliopata kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa cha nafaka zaidi na maziwa hawakunywa, na nafaka ina kemikali inayoikamata kalsiamu isinyonywe. Jua lilikuwepo, vitamini ilikuwepo, mawe ya kujengea ndiyo yalikosekana. Mama wa Mwanza au Kigoma ana jibu mkononi: dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu yenyewe. Mtoto mdogo anayeanza kula anaweza kusagiwa kijiko cha unga wa dagaa katika uji wake.

Wala si kila matege ni ya upungufu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huwa na miguu iliyopinda kidogo kwa maumbile, nayo hunyooka yenyewe. Na upande wa Meru, mkoani Arusha, sababu iko kwenye maji. Miamba ya volkano huachia madini ya floridi katika mito na chemchemi, na maeneo kama Maji ya Chai yanajulikana kwa jambo hilo miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na huko vyanzo vingi hukipita kwa mbali. Meno huwa ya kahawia, na watoto waliokunywa floridi nyingi tangu wadogo hupata miguu iliyopinda ambayo jua haliiponyi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji mengine. Kumpa mzazi wake ushauri wa kuota jua ni kumpotezea miaka.

Tangu miaka ya 2000 vitamini D imesifiwa kuliko uwezo wake. Ilisemekana itazuia saratani, kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu, hata kuongeza umri, na maduka ya dawa ya Nairobi na Dar es Salaam yakajaa chupa za kila rangi. Sababu ya matumaini hayo haikuwa ya ovyo: watu wagonjwa mara nyingi hukutwa na vitamini D kidogo. Lakini mgonjwa hukaa ndani, na anayekaa ndani hukosa jua. Kipi kimemleta mwenzake? Marekani watu 25,871 walishiriki katika jaribio kubwa, nusu wakimeza vitamini D, nusu kidonge tupu. Matokeo ya mwaka 2019 yakaonyesha kwamba haikupunguza kutokea kwa saratani wala magonjwa ya moyo. Dar es Salaam nayo ilitoa mchango wake. Watu wazima 4,000 wanaoishi na VVU, waliokuwa wakianza dawa na wenye vitamini D pungufu, waligawanywa vivyo hivyo, na mwaka 2020 ikatangazwa kuwa vidonge havikupunguza vifo wala kifua kikuu. Washiriki hao walilitendea bara zima wema, kwa sababu fedha ambazo zingekwenda kwenye vidonge sasa zinaweza kwenda kwenye mambo yanayookoa.

Aliyepungukiwa anafaidika sana akiongezewa. Aliye nayo ya kutosha hafaidiki kwa kurundika. Kurundika kuna hatari pia. Jua haliwezi kumsumisha mtu kwa vitamini D, kwa kuwa ngozi ikishafika kiasi chake huigeuza ziada kuwa kemikali zisizo na madhara. Kidonge hakina breki hiyo. Vipimo vikubwa vya miezi mingi hupandisha kalsiamu ya damu: kichefuchefu, kiu, kukojoa kupita kiasi, mawe ya figo, na mwisho figo zenyewe. Mtu mzima hashauriwi kupita yuniti 4,000 kwa siku bila daktari.

Jua lenyewe lina bei, na kwa baadhi ya watu bei hiyo ni maisha. Mtu mwenye ualbino hana mwavuli wa melanini. Ngozi yake hutengeneza vitamini D upesi, na huungua upesi zaidi, na saratani ya ngozi imewaua wengi wakiwa vijana. Kumwambia aote jua ni kumdhuru. Kwake yeye kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga ndiyo afya. Mafuta ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanafaa kupatikana katika kila wilaya kama zinavyopatikana chanjo.

Kwa waliohamia kaskazini mambo ni tofauti tena. Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa machipuo, kivuli cha mtu hakiwi kifupi kuliko yeye hata saa sita mchana, na ngozi haitengenezi chochote cha maana. Tangu 2016 serikali ya huko inamshauri kila mtu afikirie kumeza yuniti 400 kwa siku majira hayo, na wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika mwili wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Ndugu aliyeko Leicester au Birmingham anayelalamika mifupa na uchovu tangu ahamie hafai kuambiwa ni baridi tu. Mama mjamzito wa huko ndiye wa kukumbushwa kwanza, kwa kuwa mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata kwa mama yake.

Mtoto wa ploti ya Nairobi naye hajapotea. Rikets ni kati ya magonjwa yanayompa daktari furaha, kwa jinsi mifupa michanga inavyoitikia. Mtoto akipewa vitamini D na kalsiamu, wiki chache baadaye ule mstari mweupe wa Huldschinsky huonekana kwenye eksrei ya kifundo cha mkono. Anaanza kushika ukuta, halafu anauachia. Akipatikana mapema, mfupa unaoendelea kukua hujinyoosha wenyewe kwa miezi na miaka, bila kisu wala vyuma. Na akiwa msichana, nyonga yake hupanuka inavyopaswa. Miaka ishirini na tano baadaye ataingia wodi ya wazazi, na mkunga atakayempima hataona chochote cha kuandika.